Hedhi imekata na miguu imekuwa mizito: je, niende kwenye mbio za hatua tano?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 22, naendesha baiskeli ya mbio katika timu ya wanawake hapa Arusha. Tuko sita. Baada ya wiki saba tunakwenda nchi jirani kushindana mbio za barabarani za hatua tano, kila siku hatua moja, na njia yake ina milima mirefu. Kocha ametuambia tupunguze uzito, anasema hata bingwa wa Tour de France ya wanawake ya 2025 alipunguza kilo nne. Mimi nimeshuka kutoka kilo 55 hadi 51. Mwanzoni nilipanda milima vizuri kweli, siku hizi nakata moto. Tukifanya mazoezi siku tatu mfululizo, siku ya tatu miguu haitaki. Hedhi sijaiona, huu ni mwezi wa nne. Wenzangu wanasema ndivyo wanamichezo wanavyokuwa, tena ni nafuu maana mashindanoni hakuna choo. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, tunaendesha kama saa tatu na chupa ya maji tu. Mchana wali na maharage, jioni mboga za majani na tunda; ugali usiku nimeacha. Rafiki yangu ananishauri nimeze vidonge vya uzazi wa mpango ili hedhi irudi, na vidonge vya damu kwa ajili ya uchovu. Nifanyeje? Sitaki kuachwa kwenye timu."

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kueleza hadi unachokula, maana jibu lako kwa sehemu kubwa limo humo humo kwenye sahani. Naona una hofu mbili: unaogopa kuna kitu kimeharibika mwilini, na unaogopa ukisema utaachwa nyumbani wenzako wakipanda basi. Nitazijibu zote mbili.

Kabla ya yote, pima mimba. Sikuhukumu, ni kipimo cha kwanza kwa mwanamke yeyote wa umri wako ambaye hedhi imekata, awe mwanamichezo au muuza duka. Na kama miezi ya karibuni ulichoma sindano ya uzazi wa mpango au una kijiti, mwambie daktari atakayekuona, kwa sababu njia hizo zenyewe zinaweza kusimamisha hedhi na hesabu yote inabadilika. Ikiwa hayo hayapo, basi kwa maelezo yako ninashuku jambo moja zaidi ya mengine: unakula chakula kisichotosha kazi unayofanya. Hedhi iliyokata na miguu inayogoma siku ya tatu vinatoka kwenye shina moja.

Tupige hesabu, ni ya makadirio lakini itakuonyesha ukubwa wa pengo. Ukitoa mafuta ya mwili katika kilo zako 51, hubaki kama kilo 42 za misuli, mifupa na viungo vya ndani. Saa tatu za barabarani zenye vilima, kwa mwendo wa wastani, zinakula kama kilokalori 1,300. Chakula ulichonitajia, nikikadiria kwa ukarimu, kinafika 2,000. Toa 1,300, zimebaki 700. Hizo 700 ndizo mwili unaachiwa kwa shughuli zake zote: moyo, ubongo, kujenga mifupa, kinga, kutengeneza damu, na mzunguko wa uzazi. Gawa kwa zile kilo 42, unapata kama 17 kwa kilo. Mwanamke mwenye afya hustawi inapokuwa karibu na 45. Ikikaa chini ya 30 kwa muda, kwa wengi vitu huanza kuzimwa. Mstari huo wa 30 haukatwi kwa kisu, kuna wanaoathirika mapema na kuna wanaochelewa, ila wewe uko mbali chini yake.

Mwili unapopata hela kidogo hufanya kama mama mwenye nyumba mwisho wa mwezi: chakula cha watoto kwanza, rangi ya ukuta baadaye. Moyo na ubongo hulipwa. Uzazi huahirishwa. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi ambayo husoma habari za akiba ya nishati kupitia homoni kadhaa, ikiwemo leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Ikiona nishati ni haba, hupunguza mapigo ya homoni yanayoamuru mayai yapevuke. Yai lisipopevuka, estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na hedhi hukata. Wakati huohuo homoni ya tezi ya shingo inayoendesha kasi ya mwili hupungua, ndiyo maana wengi wenye hali hii husikia baridi, hupata choo kigumu, na uzito hugoma kushuka zaidi hata wakijinyima. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeipa hali hii jina lake, upungufu wa nishati kwa mwanamichezo, kwa kifupi REDs, na mwaka 2023 ikatoa mwongozo mpya wa namna ya kuipima. Huwapata wanaume pia. Kwa mwanamke ipo kengele inayolia mapema, nayo ni hedhi. Wenzako wanasema kengele ikizimika ni nafuu. Hapana, dada zangu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni mifupa. Una miaka 22. Hii ndiyo miaka ya mwisho ya kuweka akiba ya mfupa ambayo utaishi nayo hadi uzeeni, na estrojeni ndiyo mlinzi wake. Ongeza hapo kwamba baiskeli haiutikisi mfupa kama kukimbia au kuruka kamba. Waendeshaji wa barabarani wana tabia ya kuwa na mifupa hafifu kuliko wanamichezo wengi, hata wale wanaokula vizuri. Mwendesha baiskeli anayejinyima anapoteza pande mbili, na mbio za barabarani zina kuanguka.

Sasa tuje kwenye mlima, maana ndio hoja ya kocha, na hoja yake ina ukweli ndani. Kwenye mwinuko mkali, adui ni uzito. Wewe pamoja na baiskeli na chupa mlikuwa kama kilo 64, sasa mko 60. Umepunguza mzigo kwa asilimia sita. Kama nguvu ya miguu ingebaki ileile, mlima wa dakika 20 ungeumaliza zaidi ya dakika moja mapema, na ndicho ulichokionja wiki za mwanzo. Lakini nguvu haikubaki. Nguvu ikishuka kwa asilimia sita tu, faida yote imeliwa mlimani, na kwenye tambarare yenye upepo wa uso umekuwa dhaifu kuliko ulivyoanza, kwa sababu huko uzito hauhesabiwi sana. Nguvu yenyewe ndiyo inayokubakiza kwenye kundi. Ukiachwa na kundi kwenye tambarare, unapigana na upepo peke yako badala ya kujikinga nyuma ya wenzako, na unafika chini ya mlima umeshachoka. Wepesi wako hutapata hata nafasi ya kuutumia.

Na huyo bingwa? Pauline Ferrand-Prévot alishinda Tour de France ya wanawake ya 2025 kweli, na alieleza hadharani kwamba alipunguza uzito kwa ajili ya milima ya mashindano hayo. Alieleza pia kwamba si hali ya kiafya ya kukaa nayo mwaka mzima. Alikuwa na miaka 33, bingwa wa Olimpiki wa baiskeli za milimani mwaka mmoja kabla, mwenye watu wa kumpangia kila mlo na kumpima. Hata hivyo jambo lile lilizua mjadala mkubwa miongoni mwa waendeshaji wenzake, hasa juu ya ujumbe wanaoupata wasichana. Msichana anayeanza safari kwa chai ya rangi na kipande cha mkate haigi alichofanya Pauline. Anaiga namba ya kwenye mizani peke yake.

Tofauti ya mbio za siku moja na mbio za hatua ndiyo hii: katika mbio za siku moja unaweza kutoka na akiba ikaisha, ukalala siku mbili. Katika hatua tano, kila jioni una takriban saa 18 hadi 20 za kuijaza tena. Misuli na ini huhifadhi wanga katika umbo la glikojeni, gramu mia nne hadi mia tano hivi kwa jumla kwa mtu aliyekula vizuri, na kazi ngumu ya saa chache huimaliza karibu yote. Kuijaza tena huchukua hadi siku nzima hata mtu akila wanga wa kutosha. Wewe unarudi saa sita mchana, unakula wali mara moja, jioni mboga na tunda. Kesho yake unatoka na tangi nusu. Keshokutwa robo. Hiyo ndiyo siku yako ya tatu. Mwaka 2024 Kasia Niewiadoma alishinda Tour de France ya wanawake kwa sekunde nne baada ya hatua nane, na mpinzani wake Demi Vollering alikuwa amepoteza zaidi ya dakika moja na nusu katika hatua moja alipoanguka. Siku moja mbaya hailipiki kirahisi, na wewe unajitengenezea ya kwako kwa kuacha ugali usiku.

Niseme haraka juu ya vidonge. Vidonge vya uzazi wa mpango vitakuletea damu, lakini damu ile hutoka kwa sababu umefika mwisho wa pakiti na homoni ya kidonge imesimama. Haithibitishi kwamba haipothalamasi imeamka, na katika hali hii vidonge havijaonyesha kuilinda mifupa kama inavyotakiwa. Ubaya wake mkubwa ni kuzima kengele wakati nyumba bado inawaka. Kama unavihitaji kwa kuzuia mimba, hiyo ni sababu nyingine, vitumie kwa ushauri. Na fahamu kuwa yai linaweza kupevuka kabla hujaiona hedhi ya kwanza, kwa hiyo usidhani huwezi kushika mimba kwa vile hedhi haipo.

Vidonge vya damu usimeze kwa kubahatisha. Inawezekana kabisa una upungufu wa madini ya chuma, wanawake wengi wa michezo ya masafa wanao, na kwetu minyoo na malaria huchangia. Lakini pima kwanza: picha kamili ya damu na feritini, ambayo ni kipimo cha akiba ya chuma. Shirika la Afya Duniani huhesabu feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa upungufu kwa mtu mzima asiye na maambukizi. Kwa wanamichezo, madaktari wengi huanza kushughulika ikiwa chini ya 30. Kitu kimoja unaweza kuanza leo bila kipimo: chai ya rangi isikutane na chakula. Majani ya chai hushika chuma cha maharage na mboga kisipenye kwenye damu. Inywe saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye maharage yako weka chungwa au embe pembeni. Dagaa na nyama nyekundu mara chache kwa wiki vitasaidia kuliko vidonge vya kuazima.

Sasa chakula chenyewe. Pengo lako siku ya mazoezi ya saa tatu ni kama kilokalori 1,200, na sikushauri ulizibe kwa sahani moja kubwa ya usiku. Lizibe kuanzia asubuhi na njiani. Kabla ya kutoka, uji mzito wa maziwa wenye karanga na sukari, au chapati mbili na ndizi, saa moja na nusu hadi mbili kabla. Kama mnatoka alfajiri sana na tumbo halikubali, ndizi mbili na maandazi vinatosha kuanzia, mengine utamalizia kwenye baiskeli. Ile imani ya kuendesha tumbo tupu ili kuchoma mafuta iweke kando kabisa kwa hali uliyonayo.

Njiani lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Huhitaji vipakiti vya dukani. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Viazi vidogo vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi, tende, wali uliobanwa na kufungwa kwenye karatasi, vyote vinakaa mfuko wa nyuma wa jezi. Kinywaji chako changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, limau. Hapo una karibu gramu 60 za wanga. Sukari yetu ya kawaida ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi nusu kwa nusu, na kila moja ina mlango wake wa kupita utumboni, kwa hiyo inafanya kazi vizuri sana. Siku za hatua ndefu unaweza kupanda hadi gramu 80 au 90 kwa saa, lakini utumbo hufundishwa kama miguu inavyofundishwa: anza sasa, ongeza kidogo kila wiki, usisubiri siku ya mashindano.

Ukishuka kwenye baiskeli, kula ndani ya nusu saa, hata kabla ya kuoga. Katika saa nne za kwanza misuli hupokea wanga kwa uroho. Gramu moja kwa kila kilo yako kila saa ni lengo zuri, yaani kama gramu 50. Glasi ya maziwa yenye sukari na chapati, kisha wali na samaki au mayai. Jioni rudisha ugali. Siku za mashindano jumla yako itafika gramu 400 hadi 500 za wanga, sawa na kama sahani tano zilizojaa wali, na ndiyo maana vinywaji vitamu na uji vitakuokoa, kwa kuwa tumbo huchoka kutafuna. Siku hizo maharage na mboga nyingi zihamie jioni, au zipungue, ili tumbo lisikusumbue njiani.

Mizani itapanda. Nakuambia mapema usije ukaogopa: kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa na kama gramu tatu za maji, kwa hiyo ukijaza akiba utaongeza kilo moja na kitu ndani ya siku chache. Huo ni mzigo wa mafuta ya gari, utautumia mlimani.

Kuhusu kwenda au kutokwenda, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea kama ulivyo. Siikubali, na sidhani utamaliza hatua ya nne. Ya pili ni kujitoa sasa na kujijenga kwa msimu ujao. Ni salama kuliko zote, na kama vipimo vitaonyesha mfupa umeathirika itabidi iwe hiyo, ingawa itauma. Ya tatu, ambayo naiona inawezekana ikiwa uchunguzi hautaleta jambo zito: wiki mbili za kwanza punguza mazoezi kwa karibu theluthi moja, usifanye siku ngumu mbili mfululizo, na ule kama nilivyoeleza. Wiki ya tatu hadi ya tano rudisha mzigo taratibu, kisha fanya jaribio la siku tatu mfululizo ukila kama uko mashindanoni. Siku ya tatu miguu ikijibu, una sababu ya kwenda. Ikigoma tena, unajua kabla ya kupanda basi. Wiki ya mwisho kata umbali nusu, acha vipande vichache vya kasi. Ukienda, nenda kama msaidizi wa timu, wa kuleta chupa na kumkinga kiongozi na upepo, usibebe jukumu la kushinda milimani. Ni kazi yenye heshima na inakupa ruhusa ya kusimama siku yoyote.

Hedhi huenda isirudi ndani ya wiki saba. Kwa wengi huchukua miezi, wakati nguvu na hali ya moyo hurudi mapema zaidi. Usiitumie kama kipimo pekee, wala usiache kula kwa kuwa imechelewa. Kuhusu choo mashindanoni, wasiwasi wenu ni wa kweli na haupaswi kuchekwa. Kikombe cha hedhi hukaa saa nyingi na hakisuguani na tandiko, ila kijaribuni mazoezini. Na mwanamke mwenye mzunguko mzuri anayetaka kuusogeza kwa ajili ya mashindano anaweza kupangiwa na daktari.

Nenda hospitali wiki hii, usingoje. Miezi mitatu bila hedhi ni kiwango cha kuchunguzwa, wewe umekipita. Hapo Arusha anza hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakihitaji kukupeleka mbele, hospitali kubwa ya KCMC, Moshi, si mbali. Waombe kipimo cha mimba, picha ya damu, feritini, homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, na uwaeleze uzito ulioshuka na mazoezi unayofanya, kwa sababu daktari asipoambiwa hataunganisha. Usiendeshe kabisa kabla ya kuonwa kama una maumivu ya mfupa yanayoelekezwa kwa kidole kimoja, hasa nyonga, kinena au mguu, yakizidi ukirukaruka, kama umezimia, au kama moyo unakwenda ovyo. Na kama umeanza kuogopa chakula, kujitapisha, au kuwaza mizani kutwa nzima, mwambie daktari hilo nalo. Linatibika, na halifanyi uwe dhaifu.

Kocha mwendee ukiwa na nahodha wako, msiende mbele ya timu nzima. Pengine hana nia mbaya, amefundishwa hivyo na waliomtangulia. Mpelekee hesabu ya ile 17 na 45, mwambie kuhusu siku ya tatu, mwombe jambo moja: kupimwa uzito hadharani kusimame, na badala yake apime muda wenu wa kupanda mlima ule ule siku ya kwanza na siku ya tatu. Mkiwa sita na wewe hedhi imekata, sidhani kama uko peke yako. Waulize wenzako waliokuambia ni kawaida: wao ya kwao waliiona lini?